Vumbi Juu ya Kasha la Mrithi

Katika ukumbi wa enzi, juu ya kiti cha mfalme, umetundikwa ubao mkubwa wenye maandishi manne ya dhahabu, na nyuma ya ubao huo ndipo huwekwa kasha la mrithi. Mfalme aonapo wakati umewadia, huandika kwa mkono wake jina la mwana atakayemfuata, akaikunja karatasi na kuifungia kashani mbele ya mawaziri watano, ambao huliona kasha lakini jina hawalioni. Karatasi ya pili iliyo sawa na ile huvaliwa na mfalme mwenyewe, ndani ya kifuko, chini ya nguo, hata siku ya kufa kwake. Siku hiyo kasha huteremshwa, karatasi mbili hulinganishwa, na nchi hupata bwana.

Mfalme ninayemsimulia alipandisha kasha lake katika mwaka wa kumi na saba wa enzi yake. Wakati huo nilikuwa mwandishi wa baraza, nikiandika kila neno lililotoka kinywani mwake, pamoja na yale ambayo baadaye alitamani nisingaliyaandika.

Kasha lilifungwa kwa kufuli na kubandikwa mihuri, kama ilivyo desturi. Lakini Mfalme aliongeza amri moja ambayo haikuwa desturi: kasha lisipanguswe kamwe. Ubao upanguswe mara moja kwa mwaka, tarehe ishirini na nne ya mwezi wa kumi na mbili, siku ambayo nchi nzima hufagia nyumba zake kabla ya mwaka mpya. Bali kasha liachiwe vumbi lake. Waziri wa Ibada alisema kwa unyenyekevu kwamba si vizuri kitu kitakatifu kama hicho kikae kichafu.

"Mhuri huchongwa na fundi yeyote mwenye njaa," Mfalme alimjibu. "Vumbi la miaka kumi utalichonga kwa nini?"

Waziri aliinama akarudi mahali pake, nami niliandika kwamba alirudi.

Sheria ya adhabu ilikuwa fupi. Jina lililomo kashani likijulikana kabla ya wakati wake, apandaye ngazi atanyongwa. Apandaye ngazi alikuwa mtu mmoja tu, towashi aitwaye Qu Anfu, aliyechaguliwa kwa sababu tatu: alikuwa na mikono mirefu, hakujua kusoma, na hakuwa mtu wa kupiga chafya. Sababu ya tatu ilithibitishwa kwa kumketisha alasiri nzima katika ghala la unga, mkaguzi akiwa mlangoni. Mkaguzi alipiga chafya mara kumi na moja. Qu hakupiga hata moja.

Miaka kumi na minne ikapita hivyo. Mfalme alikuwa na wana watatu walio hai, kwa maana wa tatu kwa kuzaliwa alifariki kwa ndui angali mtoto. Mwana wa Kwanza, Dekuan, alikuwa mtu wa kupendeza sana katika maandamano. Mwana wa Pili, Desong, alikuwa mtunzi wa mashairi, na aliyasoma mwenyewe kwa sauti, hata mahali ambapo hakuombwa. Mwana wa Nne, Deping, alisimamia matuta ya kuzuia Mto Mkubwa usifurike. Alikuja mjini mara moja kwa mwaka, siku za mwisho wa mwaka, na matope ya viatu vyake hayakupata kutoka yote.

Katika mwaka wa thelathini na mmoja, Mfalme alikwenda kuwinda kaskazini wakati wa kiangazi, akamwachia Mwana wa Kwanza ulinzi wa jumba. Mwezi wa tisa alikwenda kuyazuru makaburi ya mababu, akamwachia Mwana wa Pili. Safari zote mbili zilikwisha salama. Tangu ile ya kwanza, Mwana wa Kwanza alianza kumletea baba yake supu kila siku, akiibeba kwa mikono yake mwenyewe. Tangu ile ya pili, Mwana wa Pili alianza kuisugua miguu ya baba yake kila jioni, huku akimsomea mashairi. Watu wa jumbani walimsifu Mfalme kwa kujaliwa watoto wema. Mimi niliandika tarehe.

Ikafika siku ya kufagia. Asubuhi Qu Anfu alipanda ngazi, ufagio wake wa manyoya ya jogoo ukiwa kiunoni, na mkuu wa ukumbi, towashi Bian, akaishika ngazi chini. Bian alikuwa rafiki yake wa miaka thelathini na hakuwa mtu wa kukaa kimya.

"We Qu! Umelala huko juu?"

Qu alikuwa ameliinamia kasha.

"Mbona kimya? Au jana uliilamba ile sukari ya mungu wa jikoni, mdomo ukaganda?"

Alisema hivyo kwa sababu siku iliyotangulia kila jiko lilikuwa limempaka mungu wake sukari ya kunata mdomoni, ili akipanda mbinguni asiyaseme mambo ya nyumba.

"Bian," Qu alisema hatimaye, "vumbi hili si langu."

"Vumbi lako? Tangu lini mtu akawa na vumbi lake?"

"Langu ni la manjano. Linaletwa na upepo wa jangwani kila baridi inapokwisha, nalijua kama ninavyojua kucha zangu. Hili ni la kijivu. Tena linanukia."

"Linanukia?"

"Kuliko wewe."

Bian aliiachia ngazi, kisha akakumbuka, akaishika tena. Qu alinyoosha ukucha wa kidole kidogo akakwangua. Chini ya vumbi la kijivu alikuta lingine, jeupe. Chini ya jeupe alikuta mti mtupu. La manjano lilikuwa limebaki katika pembe tu, mahali ambapo kitambaa cha mtu mwenye haraka hakifiki. Mtu alikuwa amelifungua kasha, akalipangusa, akalifunika kwa vumbi la kubuni. Kisha mtu mwingine akalifungua tena, akaliharibu vumbi hilo bila kujua kwamba ni la uongo, akalifunika kwa uongo wake mwenyewe. Mihuri ilikuwa mizuri sana.

"Sikiliza," Bian alisema, sauti imeshuka. "Futa ubao, ushuke, twende tukanywe uji. Hukuona kitu."

"Nimeona."

"Nani atajua? Huko juu hapandi mtu ila wewe. Hapo kwenye boriti si kuna vumbi? La manjano hilohilo? Chota, nyunyiza, yaishe."

Qu alikiri baadaye kwamba aliitazama boriti. Vumbi lilikuwapo, tena jema, na mkono wake ulifika. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu, na mwaka uliofuata angeruhusiwa kustaafu na kurudi kwa ndugu yake, aliyekuwa na shamba la kabeji na chumba kimoja kisicho na mtu.

"Litakuwa la tatu," alisema.

"La tatu nini?"

"Uongo wa tatu. Mimi si nimewekwa hapa kulinda vumbi? Sasa niwe ndiye ninayelighushi?"

"Mzee una wazimu wewe! Ukienda kusema, wa kwanza kunyongwa ni nani?"

"Mimi."

"Basi?"

"Basi ishike ngazi vizuri, goti linanisumbua."

Mfalme alikuwa mezani. Alikuwa mtu mkavu wa maneno, na umri haukumlainisha. Alimwona Qu akisujudu mlangoni, akatafuna kwanza, akameza.

"Vipi, Mzee Qu? Umekuja kuniaga?"

"Huenda ikawa hivyo, Mtukufu. Kasha limefunguliwa. Mara mbili."

"Nani kakwambia mara mbili?"

"Vumbi, Mtukufu."

Mfalme aliweka vijiti vyake vya kulia chini. "Lilete hapa. Usilipanguse, wala usilipulizie pumzi."

Kasha lililetwa. Mfalme alichukua kijiti kimoja akachimba vumbi polepole, kama mtu atafutaye mfupa ndani ya samaki. Alinusa la kijivu. "Majivu ya udi wa sandali," alisema. Alisugua jeupe kati ya vidole. "Chokaa." Kila mtu aliyekuwapo alijua kwamba Mwana wa Kwanza alikuwa akiipaka nyumba yake chokaa tangu kiangazi, na kwamba Mwana wa Pili hawezi kutunga hata mstari mmoja bila udi wa sandali kuwaka karibu yake. Kwa kuwa kila mtu alijua, hapakuwa na mtu aliyesema. Mfalme aliwaita wanawe watatu na mawaziri watano, akamwacha Qu apige magoti katikati ya sakafu.

Mwana wa Kwanza alifika na bakuli la supu, maana ilikuwa saa yake ya supu. Mwana wa Pili alifika mikono mitupu. Mwana wa Nne alifika wa mwisho na ramani chini ya kwapa, kwa kudhani ameitiwa habari za mto.

"Kasha limefunguliwa," Mfalme aliwaambia. "Sheria mnaijua. Kila mmoja aniambie nimfanye nini huyu mzee. Dekuan, anza."

"Anyongwe, Baba," Mwana wa Kwanza alisema. "Sheria ni sheria. Tena iwe leo, tusiuingie mwaka mpya na doa hili." Akaliinua bakuli kidogo. "Supu inapoa, Baba."

"Iache ipoe. Desong?"

Mwana wa Pili alipiga magoti vizuri sana. "Mimi namwombea huruma, Baba. Mzee wa watu amekutumikia miaka mingi. Isitoshe, hakuna siri iliyotoka. Hakuna aliyepata hasara."

"Hakuna siri iliyotoka?"

"Ndiyo, Baba."

"Umejuaje?"

Nilichovya kalamu mara mbili.

"Nakisia tu, Baba."

Nikaandika kwamba anakisia.

"Deping?"

Mwana wa Nne hakumtazama baba yake. Alimtazama Qu, kwa namna alivyozoea kutazama tuta lenye ufa.

"Mzee, unajua kusoma?"

"Hata jina langu siwezi, bwana."

"Nani aliyekuja kusema kwamba kasha limefunguliwa?"

"Mimi, bwana."

"Hukushikwa? Hukuitwa?"

"Nilikuja kwa miguu yangu. Polepole, kwa sababu ya goti."

Mwana wa Nne akageuka. "Sasa, Baba, mtu asiyejua kusoma alifungue kasha atafute nini? Picha? Aliyelifungua anajua kusoma. Humu ndani wote tunajua kusoma, tuanzie kwako, tumalizie kwa mwandishi pale pembeni. Ni huyu mmoja tu asiyejua. Ukimnyonga, utakuwa umemchagua mtu pekee ambaye hawezi kuwa mwenye kosa."

"Unamtetea kwa kuwa ni rafiki yako?"

"Simfahamu hata kidogo. Namtetea kwa kuwa hesabu yenyewe haiji."

"Na jina? Hujali kama limejulikana?"

"Baba, jina uliliandika miaka kumi na minne iliyopita. Uliyemwandika, umekwisha kumwandika. Mimi nina nyufa tatu kwenye tuta la kusini, na mwezi wa pili barafu itayeyuka. Ukitaka nikae hapa kubahatisha jina, nitakaa, lakini nipatie kwanza watu elfu mbili na mawe."

Waziri Mkuu alikohoa. Haikuwa desturi kumwomba Mfalme mawe katika kikao cha hukumu.

Mfalme alinigeukia. "Mwandishi. Kabla ya kiangazi cha mwaka huu, wanangu waliniletea supu mara ngapi?"

Nilifunua kurasa. Ilinichukua muda, kwa maana nilitaka kuwa na hakika. "Haikuandikwa hata mara moja, Mtukufu."

"Na tangu hapo?"

"Kila siku."

"Miguu yangu ilisuguliwa mara ngapi kabla ya mwezi wa kumi?"

"Haikusuguliwa, Mtukufu."

Basi Mfalme alilifungua kasha kwa ufunguo wake mwenyewe, akaitoa karatasi, akaikunjua na kuiinua ili wote waione. Ilikuwa nyeupe. Akatia mkono chini ya nguo, akakitoa kifuko, akaikunjua karatasi ya pili. Nayo ilikuwa nyeupe.

"Mtu anayeamini kwamba jina limekwisha kuandikwa," alisema, "hana haja ya kunipikia supu. Anajua nimeshaamua, naye huendelea na kazi zake. Lakini anayejua kwamba bado sijaandika, huyo ndiye atakayenilisha mpaka nipasuke. Nimeongezeka uzito mwaka huu. Kila mmoja wenu ameliona."

Mwana wa Kwanza alikuwa angali na bakuli mkononi, wala hapakuwa na mahali pa kuliweka.

Waziri Mkuu alianguka kifudifudi. "Mtukufu! Miaka kumi na minne hapakuwa na jina! Kama ungalifariki?"

"Nilijitahidi nisifariki."

Sisifu jambo hilo. Nchi yenye watu wengi kiasi kile ilikaa miaka kumi na minne ikitegemea jitihada za mzee mmoja za kutokufa, hali kila mkulima aliyeishika kodi yake mkononi aliamini kwamba mambo yamepangwa. Nililiandika kwa wino uleule niliotumia kwa mengine, na msomaji wa baadaye aamue mwenyewe.

Ikabaki hukumu ya Qu, ambaye muda wote huo alikuwa amepiga magoti juu ya goti lake bovu. Mwana wa Kwanza, aliyekuwa amekwisha kupoteza kila kitu isipokuwa supu, alikumbusha kwa sauti ya chini kwamba sheria haijafutwa.

"Haijafutwa," Mfalme alikubali. "Mwandishi, isome."

Nikasoma: jina lililomo kashani likijulikana kabla ya wakati wake, apandaye ngazi atanyongwa.

"Jina gani limejulikana?"

Mawaziri walizitazama karatasi mbili nyeupe.

"Basi. Inuka, Mzee Qu."

Qu hakuinuka. Mawaziri walidhani amezidiwa na shukrani, na mmoja alianza kupangusa macho.

"Mtukufu, ni goti," Qu alisema. "Limekataa."

Walinzi wawili walimwinua. Mfalme aliagiza apewe kiti, na kwa kuwa mzee alikuwa hajala tangu alfajiri, akaagiza apewe ile supu. Qu aliinywa yote mbele ya Mwana wa Kwanza. Alipoulizwa, alisema chumvi imezidi.

Kisha Mfalme aliomba wino. Aliinamisha mwili juu ya meza, akaifunika karatasi kwa upana wa mkono wa joho lake, akaandika. Akaandika na ya pili. Alizikunja, moja ikaingia kashani, moja kifukoni, na mihuri mipya ikabandikwa. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka pale, na naapa kwamba sikuona jina. Hakuna aliyeliona. Ila baraza lilipotawanyika, Waziri Mkuu alisimama kando ya mlango, akainama, akampisha Mwana wa Nne atangulie, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia tangu azaliwe. Mwana wa Nne aligeuka kutazama nani yuko nyuma yake. Alipoona hakuna mtu, akatoka, na ramani yake.

Alirudi mtoni siku ya saba ya mwaka mpya, na alipewa watu elfu mbili. Mawe yalichelewa. Kaka zake wawili walitumwa kuishi karibu na makaburi ya mababu na kuyafagia kwa mikono yao. Vumbi la huko, amri ilieleza, lipanguswe kila siku.

Qu hakustaafu mwaka ule, maana Mfalme hakumpata mtu mwingine ambaye angeweza kumwamini kwa vumbi. Alipanda ngazi mara nne zaidi, polepole kila mwaka kuliko mwaka uliotangulia, na mara zote nne aliteremka akisema neno moja: "Manjano." Bian alilalamika kwamba ndilo neno pekee alilolisikia siku nzima.

Katika mwaka wa thelathini na sita, mwezi wa nane, jitihada za Mfalme hazikutosha. Kasha liliteremshwa na Qu, mawaziri watano wakalikagua vumbi kabla ya kuikagua mihuri, na karatasi mbili zikalinganishwa. Zilikuwa sawa. Mjumbe aliyetumwa mtoni alimkuta Deping amesimama ndani ya maji hadi kiunoni, akibishana na fundi kuhusu pembe ya tuta, na ilimbidi angoje ukingoni mpaka ubishi ukwishe.

Mfalme mpya hakuwa na haraka ya kubadili desturi. Ulipofika mwezi wa kumi na mbili, tarehe ishirini na nne, aliingia ukumbini asubuhi, akamkuta Qu Anfu ameweka mguu kwenye kidato cha kwanza, na Bian ameishika ngazi. Mfalme aliitazama ngazi, akakitikisa kidato cha tatu, akaagiza kibadilishwe kabla mzee hajapanda. Kikabadilishwa. Akaishika ngazi upande wa pili, kwa kuwa alikuwa hapo.

"Mtukufu," Qu alisema akiwa katikati, "huku juu kuna kasha jipya."

"Lipo."

"Lina kitu?"

Nilikuwa nimekwisha kuchovya kalamu.

"Futa ubao, mzee," Mfalme alisema, "ushuke."